Mrejesho: unga wa Metarhizium uliofia stoo

Wakuu, narudi na jibu la lile swali: kwa nini unga wa Metarhizium (kuvu anayeua wadudu) uliokaa miezi mitatu stoo hapa Tabora ulipuliziwa viwavijeshi wasife. Chanzo ni unyevu, joto la bati la Oktoba likamalizia. Spora (kijimbegu cha kuvu, ndicho kinachounda unga huu) yenye unyevu inaendelea kupumua, inakula akiba yake na kufa ikiwa bado kijani vilevile. Rangi isikudanganye.

Unga unakaushwa kivulini, ndani ya ndoo iliyofungwa yenye silika jeli ya bluu (chembe za kunyonya unyevu; ikigeuka waridi, badilisha), hadi unyevu ubaki kama asilimia 5. Kisha pakiti za foili zilizozibwa, gramu 50 kila moja ili usifungue-fungue, friji nyuzi 4. Pakiti ikitoka, iache ubaridi uishe kabla ya kuifungua, la sivyo umande unaingia.

Hapa ndipo wengi tunakwama: spora kavu namna hiyo ukiitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, utando wake unaharibika. Itandaze kwanza usiku kucha ndani ya chombo chenye kitambaa kibichi, isiguse maji. Asubuhi ndipo uchanganye, na sabuni ya maji kidogo, maana spora hizi hukataa maji na kuelea tu.

Kipimo cha kujua kama spora ziko hai: zipake kwenye agari (jeli ya kuoteshea kuvu), nyuzi 25, saa 24, hesabu spora 300 kwa hadubini. Iliyoota ni yenye kichipukizi kirefu kuliko upana wake. Zilizoota zikiwa chini ya asilimia 80, mimi sipulizii. Na pulizia jioni, jua linaziua.