Kutoa masega na kipimo cha moshi

Sato wa Kirumba: Wakuu, nina Altezza. Fundi mmoja Nyakato, hapa Mwanza, anataka atoe masega (kile kichujio cha gesi ndani ya bomba la moshi) aweke bomba pana, eti gari ipumue. Nikija kuipeleka kwenye kipimo cha moshi itapita?

Fundi Igoma: Haipiti, mdogo wangu. Masega ndiyo yanageuza kaboni monoksidi na petroli isiyoungua kuwa kaboni dayoksidi na maji. Ukiyatoa, mashine inasoma gesi mbichi, na sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega inakuwashia taa ya injini. Uingereza, gari iliyotoka kiwandani na masega ikikutwa haina, inafeli kwa kuangaliwa tu. Bomba pana nyuma ya masega halina neno, kelele tu. Wanaoharibu ni wale wa kuchezea programu ya injini imwage mafuta: moshi mweusi Igoma mpaka Buzuruga! Halafu masega yana platinamu na paladi, madini ya thamani. Unadhani huyo fundi wako anayatakia nini?

Mama Dagaa: Siku ya kupima usiende na injini baridi. Panda kwanza kilima cha Bugando, masega yakipata moto ndiyo yanafanya kazi.

Sato wa Kirumba: Duh, kumbe napigiwa hesabu. Nabadilisha bomba la nyuma tu.