Kurasa 22 zina tatizo gani?

Muulizaji, Wete: Asalaam alaykum. Hadithi yangu ya kima punju wa msitu wa Jozani, ya watoto wa miaka 5, ina kurasa 22. Mpiga chapa anataka 24. Kwani lazima?

Jibu, Mkunazini: Waalaykum salaam. Lazima, ukibana kwa pini katikati: karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa 4, basi hesabu igawanyike kwa 4. Mbili zilizobaki tia jina la kitabu na haki ya kunakili. Usirefushe hadithi, utaiharibu bure.

Jibu, Chake Chake: Picha zivuke ukingo wa ukurasa milimita 3, la sivyo kisu cha kukatia karatasi kikiyumba utaona mstari mweupe. Picha iliyopitia WhatsApp imeshabanwa, itatoka ukungu. Dai faili halisi, nukta 300 kwa inchi.

Muulizaji: Ahsanteni. Jalada je?

Mkunazini: Karatasi ya gramu 250 kwa mita ya mraba, lipakwe plastiki.