Mafua makali yakizuka, abiria wa boti watajikinga?

Nahodha_Mokowe: Assalaam aleikum. Naendesha boti Mokowe–Amu, huku Lamu, abiria hukaa bega kwa bega. Ikija homa kama ile ya nguruwe ya 2009, watu watafunika pua kweli? Mwaka 2020 wengi waliweka barakoa kidevuni, wakiona askari ndipo wanaipandisha. Humu hupanda wazee na watoto wachanga. Jambo hili lanikosesha usingizi.

Mama_Langoni: Waaleikum salaam, mwanangu. Weka ndoo ya bomba na sabuni pale pale gatini, kabla ya ngazi. Ikiwa mbali, hakuna atakayeifuata.

Muuguzi_Amu: Hofu pekee haitoshi, kaka. Mtu hujikinga akiamini ugonjwa waweza kumfika, na kwamba kinga yenyewe yafaa. Kulazimisha nako hakutoshi: mji wa San Francisco, Marekani, walilazimisha barakoa 1918 wakati wa janga la mafua. Januari 1919 ikaundwa jumuiya ya kuzipinga. Waeleze sababu: mwenye mafua aweza kuambukiza siku moja kabla hajaanza kuumwa. Na wewe uvae kwanza, abiria hukutazama wewe.

Nahodha_Mokowe: Shukran dada, shukran mama. Ndoo nitanunua. Na turubai za pembeni tutazikunja, upepo upite.