Tupeane uzoefu: oveni ikiandika F3 au namba nyingine kwenye kioo, chanzo kilikuwa nini?

MkaziWaTabata
Wakuu, habari za jioni. Nimeleta mada hii kwa sababu mtaani kwetu watu wanauziwa bodi za oveni (ule ubao wa kielektroniki unaoiongoza) kila uchao. Oveni inalia pii pii, inaandika F na namba, haipashi tena. Fundi anaitwa, anaitazama tu, anasema bodi imekufa. Bodi ni hela nyingi, na ukishaifunga namba ileile inarudi. Inaniuma sana, maana wengi wao ni kina mama wanaoishi kwa keki za oda.

Yangu iliandika F3. Kwenye kitabu chake F3 maana yake njia ya sensa ya joto imekatika. Njia, jamani, siyo sensa peke yake: waya na soketi zake vimo humo humo. Fundi niliyempata alizima breka kwanza, akavuta oveni, akafungua bati la nyuma, akachomoa soketi ya sensa na kuweka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Ikasoma 1,115 hivi. Sensa nyingi za oveni ni za platini, zina omu 1,000 kwenye nyuzijoto 0 na huongezeka karibu omu 4 kwa kila nyuzi moja. Kwa joto letu la nyuzi 30 hiyo ni sensa nzima kabisa. Akageukia soketi: pini moja ina ukoko wa kijani, ukiigusa inacheza. Akaikata, akaunga kwa konekta ya kauri inayohimili joto. F3 ikaisha, bodi ni ileile.

Leteni zenu. Tajeni na aina ya oveni, maana kila kampuni ina namba zake. F3 yangu kwako inaweza kuwa kitu kingine.

KekiZaSinza
Asante mleta mada. Yangu iliandika F7, kitufe kimeng'ang'ania. Nina oda ya keki ya sendofu, nikahisi kuchanganyikiwa. Kumbe mvuke wa sufuria za juu ulikuwa unapanda unaingia kwenye paneli ya kugusa. Nilizima kwenye breka, nikaelekeza feni pale usiku kucha, asubuhi ikawaka vizuri. Siku hizi maharage nachemshia nje kwenye mkaa.

FundiGongoLaMboto
Dada wa Sinza, ikirudia tena hata paneli ikiwa kavu, basi ni paneli yenyewe mbovu, usihangaike kuikausha tena.

Niongezee hapa. Kuna oveni haiandiki namba yoyote, ila ukiwasha breka inatripu. Ndani ya hita, lile bomba linalopasha joto, mna unga mweupe unaotenganisha waya wa moto na bomba la chuma, na unga ule unanyonya unyevu. Oveni ikikaa masika nzima bila kuwashwa, hasa nyumba za karibu na bahari, umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) na breka ya kinga, ile inayokata umeme ukivuja, inafanya kazi yake. Hita chomoa waya zake, pima. Ya wati 2,000 kwa volti 230 isome omu 26 au 27. Halafu pima kati ya pini na bomba: hapo mita isisome kitu. Ikisoma, hita inavuja, ikaushwe au ibadilishwe.

Nawasihi sana: wapo wanaokata waya wa ethi ili breka isitripu. Mtu akikufanyia hivyo mfukuze. Bati lote la oveni linaweza kuwa na umeme, na watoto wanalishika. Na testa ya bisibisi haitoshi kukuambia umeme umeondoka. Zima breka, kisha pima kwa mita.

Kigamboni_Mjini
Yetu ilikuwa inaandika jioni tu. Mchana salama. Fundi alipima kwenye soketi ya ukutani oveni ikiwa inapasha, volti zikaporomoka; kuifungua, nyutro (waya wa kurudisha umeme) imelegea na plastiki imeungua. Oveni ya kilowati 3 inavuta ampea 13, ndiyo mwisho wa plagi ya pini tatu. Tumeivutia waya wake peke yake kutoka kwenye breka. Tafadhalini, oveni isikae kwenye ekstensheni.

MtumbaWaMajuu
Mimi nina jiko la mtumba kutoka Marekani. Saa yake inachelewa dakika 10 kila saa moja. Siyo ugonjwa: inahesabu mizunguko ya umeme, kule ni hezi 60 na hapa 50. Ila majiko haya yana neema moja. Karatasi ya mafundi yenye maana za namba zote na vipimo vyake huwa imekunjwa nyuma ya paneli au chini kwenye droo. Itafuteni kabla ya kuita mtu.

KekiZaSinza
Fundi, sensa ikiwa mbovu kweli, Kariakoo naulizaje nisipewe ya kubahatisha?

FundiGongoLaMboto
Nenda na ile ya zamani mkononi, na upige picha kibandiko cha modeli, kiko kwenye fremu ukifungua mlango wa oveni. Mwambie muuzaji aipime kwa mita mbele yako kabla hujalipa. Akikataa, duka la pili lipo hapo hapo.