Ushauri: nataka mtaa wetu uwekewe kibao cha spidi 30, naanzia ofisi gani?

Mlango wa Tatu (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa anayejua utaratibu. Naishi Dar, upande wa Tabata. Mtaa wetu zamani ulikuwa vumbi na mashimo, gari linatambaa. Ikaja lami, tukashukuru Mungu, ila tangu hapo ni balaa. Wanaokwepa foleni ya barabara kubwa wanakatiza kwetu, na wakishaiona lami imenyooka wanakanyaga mafuta. Kuna shule ya msingi, geti linafungukia barabarani kabisa. Njia ya waenda kwa miguu hakuna, watoto wanatembea juu ya ukingo wa mtaro. Nina binti darasa la pili pale. Kila asubuhi roho iko juu mpaka nisikie amefika.

Nani mwenye mamlaka ya kupanga spidi ya mtaa? Trafiki, manispaa, au nani? Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

Babu Spana:
Kibao cha nini, kijana? Mimi nimeendesha daladala Mbagala–Kariakoo enzi za vipanya. Kilichokuwa kinanitoa mguu kwenye mafuta ni vitu viwili tu: tochi ya trafiki na tuta. Kuna siku abiria mmoja mama wa ndizi alinichapa na mkungu mgongoni kwa sababu ya mwendo, na hata hivyo nilipunguza mpaka Mtoni tu.

Mama Nasra:
Mtoto wa darasa la pili anaendaje shule peke yake? Sisi mama zetu walitushika mkono. Tusitupie serikali kila kitu, malezi yanaanzia nyumbani.

Mlango wa Tatu:
Mama Nasra, shikamoo. Natoka nyumbani alfajiri nikagombanie gari, mama yake anauza vitafunwa stendi. Wa kumshika mkono hayupo. Na hata angekuwepo, gari likipoteza njia linawabeba wote wawili.

Lami Ngumu:
Mkuu, hizi ndizo kazi zangu, ngoja nikueleze. Kwanza jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani, tangu Julai 2017, zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na kwa maelezo yako wa kwenu uko huko. Pili, mtaa wenu tayari una kikomo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kushuka mpaka 30 ndiko kunakotaka mtu aje apime.

Barua ianzie serikali ya mtaa, ipite kwa mtendaji wa kata, iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa trafiki wa wilaya. Wakija wanahesabu magari na watembea kwa miguu, wanapima spidi, wanauliza ajali zilizotokea. Kwa mtindo wa zamani mhandisi anatafuta ile spidi ambayo madereva 85 katika 100 hawaizidi, halafu kikomo kinawekwa karibu na hapo. Kwa barabara ya kwenda Morogoro sawa. Kwa mlango wa shule mimi siukubali kabisa, maana anayekimbia ndiye anayepanga sheria na mtoto wa mtaroni hahesabiwi. Februari 2020 mawaziri walikutana Stockholm wakakubaliana kwamba penye watembea kwa miguu na magari pamoja kikomo kiwe 30. Itajeni hiyo kwenye barua.

Sasa na mimi nikuulize: kwa nini kabla ya Jumamosi?

Mzaramo wa Cardiff:
Huku Wales tarehe 17 Septemba 2023 mitaa mingi ya makazi ilishushwa kutoka maili 30 kwa saa hadi 20, kwa mkupuo. Watu zaidi ya laki nne walisaini kupinga. Mwaka uliofuata halmashauri zikaambiwa zipitie upya barabara moja moja, wananchi watoe maoni, ipi ibaki 20 na ipi irudi 30. Mimi naendesha mizigo, mwanzoni nilikasirika sana. Sasa hivi mwanangu anaendesha baiskeli nje na silalamiki tena.

Mlango wa Tatu:
Asante Lami Ngumu, nimekuelewa vizuri. Jumamosi ni siku tu ambayo wengi tupo nyumbani.

Lami Ngumu:
Barua haihitaji watu wengi kuwepo nyumbani. Sema ukweli usaidiwe.

Mlango wa Tatu:
Sawa. Tumechangishana, tripu ya kokoto imeshamwagwa, saruji iko kwangu. Fundi anakuja Jumamosi usiku kumwaga tuta mbele ya shule. Kibao cha 30 nimeshachorewa. Nilitaka kujua ofisi ipi itakuja kutuuliza, ili tujipange. Msinilaumu. Nani atasubiri barua izunguke na huku watoto wanakoswakoswa kila siku?

Kijiwe Namba Tisa:
Matuta ya wananchi ndiyo yanatumaliza sisi bodaboda. Mnajenga kama ukuta, hakuna rangi, hakuna taa. Usiku unaliona ukiwa tayari uko hewani. Ni la kwanza hilo au mna lingine?

Mama Nasra:
Jibu swali la kijana.

Mlango wa Tatu:
Lipo lingine, upande wa msikitini. Tulilijenga baada ya mtoto wa jirani kugongwa na bajaji. Na ndiyo, kuna bodaboda aliangukia pale usiku, abiria wake alivunjika mkono. Mwenyekiti alituita. Lakini yule dereva hakuwa na taa, na tangu tuta liwepo hakuna mtoto aliyegongwa upande ule.

Jicho la Nyani:
Hii chai, na sukari imezidi. Mwanzo magari yanapaa kwenye lami iliyonyooka. Sasa kumbe tuta lipo. Tuta lipo na magari yanapaa, vipi? Huyu ama anauza kokoto ama anatafuta wasomaji. Taja mtaa, weka picha.

Babu Spana:
Na mimi nilianza kunusa majani ya chai.

Mlango wa Tatu:
Picha siweki, mwenyekiti yumo humu na wajumbe wote. Ila nakujibu. Tuta liko mwisho mmoja, shule mwisho mwingine. Dereva akishavuka tuta anakanyaga ili afidie muda, na akifika shuleni ndiyo yuko kwenye kasi kamili. Mimi na mwalimu wa zamu tulipima mita 50 kwa kamba, tukaweka jiwe huku na huku, yeye akashika saa ya simu. Gari nyingi zilimaliza kwa sekunde tatu, kuna Noah moja ilitumia chini ya hapo. Piga hesabu mwenyewe.

Lami Ngumu:
Mita 50 kwa sekunde tatu ni kilomita 60 kwa saa. Na hilo la kukanyaga baada ya tuta ni kweli kabisa, mtu wa chai asingelijua. Tuta moja la peke yake linahamisha hatari kutoka mlango huu kwenda ule.

Mkuu, hasira yako naielewa, ila ya Jumamosi acha. Kujenga kwenye hifadhi ya barabara bila kibali ni kosa, na akianguka mwingine jina lako ndilo litakaloandikwa. Tuta la kitaalamu lina upana kama mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari na kimo kisichozidi sentimita 10. Gari linapanda na kushuka taratibu, pikipiki haiangushi mtu. La kwenu nadhani halifiki hata mita moja. Linatakiwa rangi na alama ya kulitangulia, na yawe kadhaa kwa kufuatana. Hapo ndipo kibao cha 30 kinatiiwa.

Usiogope kuomba hiyo 30. Chukua sekunde moja ya dereva kushtuka: wa 50 ametembea karibu mita 14 hajagusa breki. Wa 30 kwa umbali huohuo ameshasimama kabisa. Na hapahapa Dar shirika la Amend limefanya kazi hiyo mbele ya shule, matuta, vivuko na njia za miguu, mpaka mradi wao wa SARSAI ukapata Tuzo ya WRI Ross ya miji mwaka 2019. Si jambo geni kwa wahandisi wetu.

Kijiwe Namba Tisa:
Na lile la msikitini?

Mlango wa Tatu:
Fundi nitamwambia asije Jumamosi. Saruji itakaa. Lile la msikitini kulibomoa sikubali, ila tutalichonga pembeni lilale na kulipaka rangi nyeupe.

Kijiwe Namba Tisa:
Lichongeni kabla ya Jumamosi hiyohiyo. Na pale kichwani muweke tairi lililopakwa rangi ili taa ya pikipiki ilione.

Jicho la Nyani:
Mimi bado nataka picha.

Mlango wa Tatu:
Lami Ngumu, barua asaini mwenyekiti peke yake?

Lami Ngumu:
Mwenyekiti na mwalimu mkuu, wote na mihuri. Ambatanisha zile sekunde za mwalimu wa zamu na tarehe mliyopima, na uandike ajali ya bajaji pamoja na ya bodaboda. Hiyo ya pili usiifiche.

Mlango wa Tatu:
Nitaiandika.