Gobori la mwaka 1888: gumegume au fataki?

Fundi Mbao, Bagamoyo

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Kikundi kimoja cha maigizo cha hapa Bagamoyo kimeniomba nikichongee magobori sita ya mbao, yasiyoweza kufyatua, kwa ajili ya mchezo unaohusu vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Nimekwisha kuchonga matatu yenye mtambo wa fataki, yaani kijikofia kinacholipuka kikigongwa na nyundo, lakini mzee mmoja aliyepita karakanani ameniambia kwamba nimekosea, kwa kuwa watu wa zama hizo walitumia gumegume, bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe. Je, ni kweli? Naomba pia vipimo vya mtutu na ushauri kuhusu mbao na rangi, maana watoto wa shule watayatazama magobori haya na kuamini kwamba ndivyo yalivyokuwa.

Mkongwe wa Chumbageni, Tanga

Wa alaikum salaam, fundi. Mzee huyo hakukosea, nawe hukukosea. Jeshi la Uingereza lilianza kuacha gumegume na kuchukua fataki mwishoni mwa miaka ya 1830, kwa hiyo kufikia mwaka 1888 fataki ilikuwa na umri wa karibu nusu karne; hata hivyo gumegume iliendelea kuuzwa Afrika, na ushahidi wake ni Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe barani lakini ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini. Changanya basi, matatu kwa matatu. Jambo la kuogopa ni kuchanganya ndani ya gobori moja. Gumegume huhitaji nyundo yenye meno ya kubana jiwe, bapa la chuma la kugongwa ili litoe cheche, na kisahani cha baruti ubavuni. Fataki huhitaji nyundo yenye kichwa kilichochimbwa, inayoangukia kifa, yaani kichuchu kinachovishwa fataki, basi. Nimewahi kuona gobori la maonyesho lenye kifa na kisahani pamoja, nami nilisikitika sana, kwa sababu aliyelichonga alikuwa na mkono mzuri.

Ukipenda kufuata ile bunduki ya Kiingereza iliyoenea sana, mtutu wake ulikuwa na urefu wa takriban sentimita 99 na tundu la milimita 19 hivi.

Mwana Pangani

Naongezea la mtutu kushikamana na mbao, kwa kuwa hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Bunduki ya Kiingereza ya aina hiyo ilishikiliwa na vipini vidogo vilivyopenya mbao kutoka ubavuni, wala haikuwa na pete. Ya Kifaransa ndiyo iliyozungushiwa pete tatu za chuma, na mtutu wake ulizidi sentimita 110. Ukitia pete kwenye mtutu wa bunduki hiyo ya Kiingereza utakuwa umezaa bunduki isiyo na baba. Skrubu nazo ziwe za mfuo mmoja, kwani zile za alama ya msalaba zilianza kuenea katika miaka ya 1930.

Ulaya walitumia mbao za mjozi, ambazo ni za kahawia iliyokolea. Mtiki wa Muheza au mninga utafaa, mradi usipake vanishi ya kung'aa. Paka mafuta ya kitani mara kadhaa, ukiyasugua kwa kitambaa.

Mkongwe wa Chumbageni, Tanga

Nimesahau moja. Wale wanaoigiza askari wa Wissmann, kamanda wa Wajerumani, wasipewe magobori, kwani walibeba Mauser za mwaka 1871, zinazopakiwa risasi kwa nyuma. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mengi katika vita vile: mmoja anasimama akishindilia baruti kwa mdeki, mwenzake amelala chini na amekwisha kupakia tena. Kwa hiyo mideki yako iwe inachomoka, ili mwigizaji aonekane akishindilia kwa kweli.

Fundi Mbao, Bagamoyo

Shukrani nyingi, mzee wangu, na wewe ndugu wa Pangani. Matatu ya fataki yatabaki, ila nimekwisha kung'oa pete nilizoyatia, na vanishi nitaikwangua kesho. Mideki nilikuwa nimeigundisha kwa gundi. Nitachonga mingine sita.