Naombeni ushauri: nirudi chuo Italia au nibaki Malindi? Watu wa kule wamenishinda

mtoto_wa_shela: Assalam aleykum wakubwa kwa wadogo. Mimi ni kijana wa hapa Shela, Malindi, niko likizo kutoka Perugia, Italia, nimemaliza mwaka wa kwanza na usiku silali. Nimekulia na Wataliano hapa, Kitaliano nimekiokota ufuoni toka niko darasa la sita, nikajua naenda kwa watu ninaowafahamu. Siku ya kwanza darasani akaingia profesa, mzee wa mvi, nikampa ciao kama ninavyompa mzungu yeyote pale Silversands, darasa zima likanyamaza. Kumbe ciao ni ya rafiki, mkubwa unamwambia buongiorno na hata kitenzi kinabadilika, ni kama mtu amwambie babu yako "sasa" badala ya shikamoo. Toka siku hiyo nikawa naogopa kufungua mdomo. Chumbani nakaa na Muirani na Mchina. Muirani mwezi wa kwanza nilimkaribisha wali wa nazi akasema ameshiba, nikala mwenyewe yeye ananitazama tu, nikaona huyu ana maringo. Mchina, ukiwatoa Wataliano, ndiye pekee aliyekuwa anaijua Malindi, kwa ajili ya yule twiga aliyetolewa Malindi akafika kwao China 1415, lakini kutwa ana hedifoni masikioni. Nirudi au nibaki?

Mama Halua: Mwanangu, huyo Muirani alikuwa na njaa. Nimefanya kazi kwa familia ya Kiirani Dubai miaka minne, kwao ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa, ya pili unakataa, ya tatu ndio unanyoosha mkono, wanaita taarof, sisi tungesema takalufu. Mimi nilimsifu bibi wa nyumba mtandio wake, akauvua hapo hapo akanipa nami nikaupokea wallahi, binti yake ndiye aliyenivuta jikoni akanieleza nikaurudisha. Mpaka leo nikikumbuka naona haya. Ungemshikilia ale.

Nahodha wa Mayungu: Baki. Mimi napeleka wageni pale mchangani wanapopaita Sardegna Due, Disemba sina siku ya kupumzika, na chuo sijaona hata geti lake.

Kitukuu cha Ngomeni: Babangu alifanya kazi San Marco, kile kituo cha Wataliano cha kurushia roketi hapa Ngomeni, alikuwepo roketi ya mwisho iliporushwa 1988. Alikuwa akituambia Mtaliano anakunywa kahawa amesimama, mafunda mawili huyo ameondoka, ukidhani amekukimbia umekosea, kesho yake anakuuliza hali ya mwanao na jina lake analijua. Walimwachia sanduku la spana, tunalo mpaka leo. Lakini wewe kijana, mtu haachi chuo kwa sababu ya ciao na wali. Sema lililobaki.

mtoto_wa_shela: Shikamoo mzee. Basi niseme. Nasoma kwa skolashipu ya mkoa, na sharti la mwaka wa kwanza ni ufikishe krediti 20, yaani pointi za masomo uliyopasi, kabla ya tarehe 10 Agosti. Nina 12. Kulikuwa na mtihani wa krediti 9, wa mdomo, mbele ya profesa yule yule, akanipa 19 kati ya 30 nikamwambia siitaki. Muirani ndiye alinishauri niikatae nirudi nichukue 25. Sasa awamu ya pili ya pesa imenipita, na nisipofikisha 20 mpaka 30 Novemba nadaiwa hata ile niliyokwisha kula. Lakini nimeshajipanga jamani. Kuna gesti imenipa kazi ya kupokea wageni na kuwapeleka Gede na Marafa, nimeanza wiki iliyopita, nimewaambia nipo mpaka mwaka mpya. Deni nitalipa pole pole.

Dakika Tisini: Hekaya hii. Mwanafunzi gani duniani anapewa alama za kupasi akasema sizitaki? Mara twiga, mara Muirani. Huyu yuko Maweni anakaanga mahamri. Modereta funga uzi.

Nahodha wa Mayungu: Hata mimi hapo kwenye kukataa alama nilisimama kidogo.

Aliyepitia Bologna: Si hekaya. Nimesoma kule. Mitihani mingi ni ya mdomo, alama ni kwa 30, 18 umepita, na profesa akishataja una ruhusa ya kuikataa urudi awamu nyingine. Wataliano wenyewe wanafanya hivyo kila siku maana wastani ndio unaobeba alama ya mwisho ya digrii, ile ya kwa 110. Muirani alikupa ushauri mzuri wa mtu asiyehesabu krediti. Sasa sikiza. 10 Agosti imepita, umekosa awamu ya pili, hilo limekwisha. 30 Novemba haijafika na Septemba kuna mitihani. 12 na 9 ni 21. Mbona unajipangia kulipa deni ambalo hujadaiwa?

mtoto_wa_shela: Kusema ni rahisi kaka. Ni kukaa tena mbele ya yule mzee aniangalie. Na gesti nimeshawapa neno langu, ahadi ni deni.

Mama Halua: Na mamako ulimpa neno gani siku anakusindikiza? Habari ya krediti anaijua?

mtoto_wa_shela: Haijui. Anajua nangoja tikiti.

Kitukuu cha Ngomeni: Na tikiti?

mtoto_wa_shela: Tikiti ninayo mzee. Nilikata ya kuja na kurudi, ni tarehe 4 Septemba. Nimefungua ukurasa wa chuo sasa hivi, mtihani wake ni tarehe 11, kujiandikisha kunafungwa kesho kutwa. Kaka wa Bologna, nikiingia nimwambie nini kwanza?

Aliyepitia Bologna: Buongiorno professore, halafu kaa ungoje akuulize. Nitumie mada inboksi, leo baada ya isha nakupigia tuanze, mimi nitakuwa profesa.